Uko na Nani Hapo

Kwetu mtu hafi kwenye simu. Anazidiwa. Ukipigiwa simu ukaambiwa waziwazi kwamba fulani amekufa, basi aliyekupigia ni mtoto, au amechanganyikiwa, au hakufundwa. Mtu mzima mwenye akili zake atakwambia mgonjwa amezidiwa, njoo, na wewe mtu mzima mwenzake hutamuuliza mara mbili. Utavua kanga ya jikoni uvae ya safari, na kilio utakibana kifuani mpaka ufike uone turubai limefungwa uwanjani. Ni ustaarabu mzuri, kila mtu anausifu. Mimi nauchukia, na nitasema kwa nini.

Nilikuwa opereta wa simu Tabora mjini, enzi ambazo simu ilikuwa ya mezani na ya kuombwa. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba kimoja, hedifoni masikioni, mbele yetu ubao wenye matundu na nyaya zenye vichwa vya shaba. Mtu wa Sikonge akitaka kuzungumza na mtu wa Dar es Salaam, alinipata mimi kwanza. Mapadre wa Kipalapala walinipata mimi, na wenye maduka wa mjini, na wafugaji waliotoka Choma kuja kutafuta simu ya kuwapigia watoto wao. Sheria ilitukataza kusikiliza. Nayo ilikuwa sheria nzuri. Lakini laini zilikuwa zikikatika ovyo, na ilibidi kila baada ya muda uchungulie uone kama watu bado wanazungumza. Sasa niambie, mtu anachungulia kwa sikio halafu asisikie, anafanyaje?

Basi nilisikia vifo vya mkoa mzima, na hakuna hata kimoja kilichotajwa kwa jina lake. Nikajifunza kuvitambua. Mgonjwa akiwa hai kweli, anayepiga simu ana haraka na hasira: anauliza dawa, anamlaumu daktari, anawalaumu mashemeji. Mgonjwa akishakufa, anayepiga simu anakuwa mpole. Anakusalimia taratibu. Anakuuliza kama umekula. Halafu analeta swali ambalo sisi wanne tulilijua kuliko majina yetu: "Uko na nani hapo?" Hataki habari ikukute peke yako ukaanguka. Ukijibu kwamba uko na mumeo, au na jirani, utasikia pumzi zinashuka upande wa pili, na neno moja, "afadhali". Tukisikia "afadhali" tulikuwa tunatazamana, mmoja wetu anasema "poleni" kwa sauti ya chini, tunaendelea na kazi.

Hata "anakuulizia" tuliisikia sana. Kwenye simu za kwetu, hakuna wanaoulizia watu kama maiti.

Kijijini kwa mama, ng'ambo ya Sikonge, simu ilikuwa moja, ofisini kwa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya kukoroga kwa mkono, na karani aliyeilinda alikuwa na kiburi cha waziri. Nikipiga, karani anapokea, anatuma mtu akamwite mama, nami nasubiri laini ikiwa wazi. Mama anakuja amevaa nguo ya kanisani, maana kwake simu ilikuwa mgeni rasmi. Anaushika mkono wa simu kwa mikono miwili na kupiga kelele. Shikamoo yangu moja aliijibu kwa marahaba tatu. Nikimwambia, mama, mbona unapiga kelele, anasema, "Wewe uko mbali, mwanangu. Mimi nitanong'onaje?"

Mwaka mmoja alianguka kutoka kwenye ngazi ya kuezekea, akavunjika mguu. Karani akanipigia akiwa mpole, na upole wake ukanikata maini. Nikamwambia, kwa sauti ya kazini ambayo haibishiwi, nipe mama mwenyewe. Mama alikuwa amelazwa barazani pale pale chamani akingoja gari. Wakauvuta waya wa simu mpaka dirishani, wakampa. Akanitukana. Aliuliza ninamsumbulia nini mtu mwenye maumivu, kama mimi ni daktari niseme, kama si daktari niiache simu watu wengine waitumie. Nikakaa kwenye kiti changu nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu nilijua sasa ni mzima.

Ndicho ninachotaka kieleweke juu ya simu za waya, kabla sijaonekana bibi kizee anayelilia ujana wake. Zilikuwa zimefungwa mahali, na mahali hapo palikuwa na watu. Ukipiga, unajua umepiga wapi. Ukisema nipe mama, ama mama anakuja, ama unaambiwa kwa nini haji.

Halafu zikaja za mkononi. Sisi wanne tukapunguzwa kazi kwa barua nzuri yenye mhuri, iliyosema tumelitumikia taifa. Simu ya chama ikabaki mezani bila sauti, karani akawa anaitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Nguzo zikaanza kuondoka njiani moja moja, na mazizi ya ng'ombe yakawa yanapendeza. Waya nao nilikuja kuuona siku moja nilipokwenda kumsalimia mama. Mdogo wangu, ambaye ni mrina asali, alikuwa ametundikia mizinga yake msituni. Nikamuuliza ameutoa wapi. "Dada, ulikuwa unaning'inia tu," akasema. Sikumgombeza. Nami nilikuwa nimeuona njiani, na ni kweli ulikuwa unaning'inia tu.

Wakajenga mnara, na siku ya kuuzindua wakubwa wakasema dunia sasa ni kijiji. Kijiji cha mama hakikuwemo kwenye hiyo dunia. Mtandao ulifika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya josho la ng'ombe, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Mpaka leo watu wanakwenda pale, wanapanda, wanainua simu juu, wanasema yao, wanashuka. Kila mtu ana simu mfukoni, na hakuna hata mmoja anayepatikana. Mama naye tulimnunulia yake, ndogo, yenye tochi. Aliipenda sana kwa ajili ya tochi.

Babu yake mama alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka pwani na kurudi, kwa njia ya misafara iliyoujenga mji huu wa Tabora. Habari ya kifo ilichukua miezi kufika, lakini ililetwa na mtu. Mtu huyo alikaribishwa akaketi, akapewa maji, na ulimtazama usoni anapoitoa. Ungeweza kumuuliza, ulimwona kwa macho yako? Mimi, niliyezaliwa baada ya maendeleo kuja, sikumuuliza mtu swali hilo.

Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Nilikuwa uani napepeta mchele, mume wangu yuko kwenye kigoda anaziba tundu la mpira wa baiskeli ya mteja. Simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na upepo, kwa hiyo nikajua yuko kichuguuni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka, dada. Umeshakunywa chai?"

Nikauweka ungo chini. Mama alikuwa na homa tangu Ijumaa, hilo nililijua, na tuliambiwa inapungua.

"Bado," nikasema.

"Uko na nani hapo?"

"Niko na shemeji yako."

"Haya, afadhali." Upepo ukapita. "Dada, mama amezidiwa. Anakuulizia. Anasema uje..."

Simu ikakatika. Nikapiga. Sauti ya yule binti asiyechoka ikaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga mara ya pili, akaniambia vile vile. Sikupiga ya tatu. Nilijua kila kitu.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na siku ile aliyasema yote ya mwezi. "Nitoe pikipiki," akasema. "Twende tukamwone."

"Tukamwone nani?"

"Mama."

"Hukusikia? Ameniuliza niko na nani."

"Labda alitaka kujua tu."

"Na mimi miaka yote ile nilikuwa nasikiliza nini kule kazini? Taarabu?"

Akajaribu tena. Alisema tukienda kwa pikipiki, kwa lami mpaka Sikonge na kisha ile ya vumbi, saa tano tutakuwa pale, na kama ni msiba watu wengine watakuja nyuma yetu. Nikamuuliza kama anataka mama yangu akazikwe ndani ya mkeka, kwa sababu binti yake wa mjini alikuja mikono mitupu juu ya pikipiki. Akainama kwenye mpira wake. Nilimnyamazisha mtu aliyekuwa anasema kweli, na nilimnyamazisha vizuri, kwa dharau ya mtaalamu.

Kijijini kwetu hakuna fundi wa majeneza. Aliye mjini ndiye huja nalo, na mjini ni mimi. Basi nikaanza kazi. Nilimpigia shangazi, nikampigia mama mdogo, nikampigia mchungaji ili watu wa jumuiya wajue. Kila mmoja nilimwambia mama amezidiwa, na hakuna aliyeniuliza swali. Nilikwenda kwa fundi, nikachagua mbao za mninga, zile nzuri zenye rangi ya asali. Akaniuliza urefu wa marehemu. Nikaweka kiganja begani kwangu, nikasema hakupita hapa. Nikakaa kwenye benchi lake nikimwangalia anavyopiga misumari na kuvuta kitambaa cheupe ndani, na palipojikunja nilimwambia arudie, naye akarudia.

Nitasema jambo la aibu. Asubuhi ile nilijisikia vizuri. Sikulia. Nilikuwa na orodha kichwani na nilikuwa naikamilisha, watu wananiita, "Mama, hili liweje?" nami najibu. Tangu wang'oe ule ubao wetu hakuna aliyekuwa amenihitaji namna ile. Saa sita nilikumbuka kumpigia tena mdogo wangu nimwambie atayarishe kuni. Hakupatikana. Nikakasirika kwamba msiba ni wake na hakai karibu na mtandao.

Saa nane tukaondoka kwa lori la kukodi: mimi, mume wangu, shangazi, mama mdogo, wanawake wa kanisani, masufuria, mikeka, magunia mawili ya mchele, na jeneza katikati limefunikwa kitenge. Njiani shangazi alianzisha wimbo wa kanisani, tukamwitikia mpaka lami ilipoisha na vumbi likatufunga midomo.

Tulifika saa kumi. Lori lilisimama penye njia ya miguu inayokwenda nyumbani, na nikaiona nyumba. Niliona hakuna turubai. Hakuna viti, hakuna moto wa nje, kuku wanaparua uwanjani. Nikasema moyoni, wazembe hawa, wameshindwa hata kufunga turubai mpaka mimi nifike.

Katika ukoo wetu binti mkubwa ndiye anayeanza kilio, wengine wanampokea. Wanawake waliteremka wakajipanga nyuma yangu, wananisubiri. Nikaweka mikono kichwani, nikafungua kifua.

"Mayo wee! Mama yangu wee! Mayo, umeniachia nani! Mayo, umekwenda bila kuniaga!"

Nina sauti. Miaka ya laini mbovu ilinipa sauti. Wale wengine wakaipokea, tukaenda hivyo kwa ile njia ya miguu, tukilia, na nyuma yetu wanaume wanne wamebeba jeneza. Nililia kwa moyo wote. Nililia vizuri kuliko nilivyowahi kulia maishani.

Mdogo wangu akatoka ndani anakimbia, mikono yote miwili juu. Nilidhani anakuja kunikumbatia, nikaongeza sauti.

"Nyamazeni!" alikuwa anapiga kelele. "Nyamazeni, jamani! Yupo! Mama yupo!"

Ilichukua muda watu wote kunyamaza. Wa nyuma hawakusikia, wakaendelea kulia peke yao. Mdogo wangu akalitazama jeneza. Akanitazama mimi. "Dada," akasema, "mbona na jeneza?"

Nikampita nikaingia ndani.

Mama alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea mlangoni. Mke wa mdogo wangu alikuwa anampangusa mdomo kwa kitambaa. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa macho ya mtu mwenye akili zake zote. Alikuwa amenisikia. Kutoka kitandani mpaka njiani si mbali, na dirisha lilikuwa wazi ili apate hewa. Nikapiga magoti nikasema, "Shikamoo, mama." Mdomo ukasogea. Haikutoka hata marahaba moja.

"Ulimi umeshika tangu saa saba, hasemi tena," akasema wifi yangu.

Mdogo wangu alinieleza yaliyobaki tukiwa tumesimama nyuma ya nyumba. Alfajiri mama alisema apelekwe kichuguuni aongee na mimi. Walimketisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, hakuweza kujishikilia, wakamrudisha ndani. Akasema, basi nenda wewe, mwambie aje, nina neno naye na si neno la kumtuma mtu. Simu ikaisha chaji katikati ya maneno, na pa kuchajia ni Sikonge. Tangu saa tatu mpaka saa saba mama alikuwa anaongea. Kila pikipiki iliyopita barabarani aliuliza, "Ndiye?"

"Kwa nini uliniuliza niko na nani?" nikasema. Nilimkaba shati, mwanaume mwenye mvi.

"Nilitaka kujua kama shemeji yupo," akasema, "akupakie kwenye pikipiki uwahi."

"Na chai? Chai uliniulizia nini?"

"Njia ni ndefu, dada. Usitoke na njaa."

Nilitaka awe na kosa. Nimetafuta kosa lake mpaka leo. Alisema mama amezidiwa kwa sababu mama alikuwa amezidiwa. Alisema anakuulizia kwa sababu alikuwa ananiulizia. Alikuwa mtu pekee katika mkoa mzima aliyeyatumia maneno yale kwa maana yake, na akaliambia sikio langu.

Jeneza tulilificha ndani ya bani la kukaushia tumbaku. Wanawake wa kanisani walikaa uwanjani kwa aibu, hawajui kama waondoke au wangoje. Usiku ule, na Jumatano nzima, sikutoka kitandani kwa mama. Nilimshika mkono, nikamweleza juu ya sauti ya mdogo wangu, juu ya upepo, juu ya kazi yangu ya zamani na swali lile. Nilimwomba kama ni neno juu ya shamba afumbe jicho, kama ni juu ya mdogo wangu afumbe, kama nilimkosea nikiwa mdogo afumbe. Alinitazama tu. Sijui alikuwa ananisamehe au alikuwa amechoka. Watu wananiambia bila shaka alikusamehe, mama ni mama. Wao hawakuwepo mbele ya macho yale.

Alikufa Alhamisi asubuhi, taratibu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Mdogo wangu akatoka nje kuwaambia watu, na safari hii akalitaja neno lenyewe. Wanawake wakasimama, wakafunga kanga zao viunoni, wakaja wakajipanga mlangoni. Shangazi akanigusa bega. Walikuwa wananisubiri nianze.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Shangazi akasubiri, akanigusa tena, mwisho akaanza yeye, na wengine wakampokea. Mimi nilisimama katikati yao macho makavu, na najua wako wanaoisema siku ile mpaka leo, binti mkubwa hakumlilia mama yake. Nilikwisha kumlilia Jumanne. Alinisikia mwenyewe.